Chui Aliyeng'olewa Jino

Kwa daktari wa meno mjini Kitui, mzee mmoja alijifunika mdomo akakataa kiti.

"Anza na mke wangu, nione."

"Mimi siumwi!" mkewe akajibu. Benchi lote likacheka.

Nami niliyekuwa nikisubiri zamu nikamsimulia mzee kuhusu marehemu mume wangu, aliyetunza chui katika bustani ya wanyama. Jino lilioza, chui akaacha kula. Daktari wa wanyama alimdunga sindano ya usingizi ili aling'oe, na mume wangu akamshika taya akiomba, amefumba macho kama kanisani.

"Omba ukiangalia, bwana!" daktari akafoka.

"Chui alikula?" mzee akaniuliza.

"Kesho yake."

Akapanda kiti.

Sikumwambia kwamba chui alipokula, kwa furaha mume wangu naye alishindwa kula. Sahani yake ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, ilipoa, nami nikanung'unika. Leo ningeipasha moto bila neno.