Tulifunga kwa Ajili ya Mzee wa Kofia Nyekundu

Nilifunga chakula wiki nzima nikidhani naombea macho ya mama yangu. Kazi yangu ni kupanga maboksi ya mboga kwenye ghala moja kule Beltsville, Marekani, kazi ya kuinua vitu vizito, na wenzangu walipoenda kula mchana mimi nilibaki nimeegemea ukuta nikinywa maji. Kusema kweli nilijisikia vizuri. Nilijiona mtoto anayemfaa mama yake. Sasa nikikumbuka maji yale nakasirika upya.

Naishi Silver Spring na mama mdogo, mdogo wake mama, tumbo moja. Ndiye aliyenipokea nchi hii. Yeye hutunza wazee majumbani mwao. Mama yuko kwetu, karibu na Nyahururu, na ana presha ya macho. Daktari alimwambia afanyiwe operesheni mapema, kwa sababu ugonjwa ule ukishaua jicho, jicho halirudi. Kila nilipolipwa nilimkabidhi mama mdogo mshahara wangu amtumie. Mimi niliishia darasa la nane, na mambo ya benki yalinitia woga. Watu pia wananitia woga. Kumuuliza mtu mzima kama ametuma pesa, kwangu ilikuwa kama kumtukana.

Ijumaa jioni tunakutana kwa maombi, watu wachache, sebuleni kwa kiongozi wetu, mama mmoja nesi kutoka Meru. Wengi wetu ni Wakenya, ila kuna mzee mmoja Mkongomani ambaye hakosi. Tuna desturi yetu. Mtu akiwa na jambo zito lisilosemeka, anasema tu, "Nina ombi la kimya," nasi tunalibeba bila kumhoji. Kumhoji ni kukosa adabu. Ijumaa moja mama mdogo alisimama huku machozi yanamtoka, akasema ana ombi la kimya na anaomba tufunge pamoja naye. Kila mtu alijua dada yake anapoteza macho. Watu wakanigeukia, wakanishika bega. Nani angeuliza?

Mfungo ulipoisha, Jumamosi mchana, nilimkuta mezani ameweka simu mbele yake. Alichovya kidole kwenye chupa ya mafuta ya upako, akachora msalaba mgongoni mwa simu. Nilidhani anampigia mama, nikasogea ili nimsalimie. Kwenye kioo kulikuwa na zizi lililofunikwa na theluji, ng'ombe, mabakuli ya uji mzito, na kizee kifupi chenye ndevu na kofia nyekundu. Akabonyeza. Picha zikazunguka kama magurudumu, kisha zikasimama.

"Ona! Limebaki moja tu!" akasema. "Yakija mabakuli matatu yenye siagi, huyu mzee anafungua zizi. Leo anafungua, kwa jina la Yesu."

"Ni nini hiyo, mama mdogo?"

"Kaa hapo, usinidisturb. Wewe si ulifunga? Basi amini."

Nilikaa. Nilihitaji muda kuelewa, kwa sababu sikutaka kuelewa.

Bibi mmoja mzungu ambaye mama mdogo alikuwa akimtunza kazini, na ambaye wazazi wake walitoka Uswidi, alikuwa amemsimulia hadithi ya kwao. Kuna kizee kidogo kinachoishi zizini na kulinda mifugo ya watu. Hakitaki malipo, ila usiku wa Krismasi lazima kiwekewe uji wenye siagi juu. Mwaka mmoja mfanyakazi wa nyumba akaificha siagi chini ya uji. Kizee hakikuiona, kikaenda kwa hasira kikamuua ng'ombe bora wa boma. Kiliporudi kula, kikaikuta siagi. Kikaona aibu, kikaenda mbali kutafuta ng'ombe mwingine wa rangi ileile, kikamfunga pale alipokuwa wa kwanza.

Siku chache baadaye, tangazo lenye kizee hicho likamjia kwenye simu. "Nikamtambua," aliniambia, na alikuwa anatabasamu. "Hii si kama zile kamari za walevi. Hii ni hadithi ya watu wa heshima."

Waliotengeneza mchezo ule walichukua kofia, ndevu na uji. Ng'ombe aliyerudishwa hawakumchukua. Sehemu hiyo haikuwa na faida kwao.

"Na pesa za mama?" nikauliza.

"Zimo humu." Aligonga zizi kwa ukucha. "Nazizidisha. Ulidhani kamshahara kako kangetosha? Nikishinda, dada yangu anatibiwa Nairobi, hospitali kubwa kabisa."

Jioni mama alipiga simu. Alisema siku hizi anaingiza uzi kwenye sindano kwa kubahatisha, akacheka. Akasema upande wa kushoto anaona kama moshi. "Lakini mwambie mama yako mdogo asijisumbue. Najua huko maisha ni magumu."

Mama mdogo alikuwa amekaa karibu nami, anasikia yote. Alitazama pembeni.

Ijumaa iliyofuata kiongozi akauliza, "Dada yetu, lile ombi la kimya, Mungu amejibu?"

Mama mdogo akasimama. "Anaendelea kutenda. Nimeona dalili, imebaki kidogo sana. Tusichoke, wapendwa. Naomba tufunge tena."

"Amina," wakasema.

Mimi pale kazi yangu ni kupanga viti na kugawa chai. Sijawahi hata kuomba kwa sauti. Lakini nilisimama.

"Mimi sifungi," nikasema. "Ombi ni mchezo wa kamari kwenye simu. Pesa za macho ya mama zimeingia humo. Tulifunga ili ashinde."

Aliyeanza kusema ni yule mzee Mkongomani. "Ati nini? Mimi niliacha fufu yangu juu ya ka-jeu ka telefone? Wiki muzima? Mama, pardon, lakini hapana!"

Mtu mmoja akacheka, akajikohoza. Kiongozi akainua mkono. "Kijana wangu, mheshimu mama yako mdogo. Mambo ya nyumbani yanamalizwa nyumbani."

"Nyumbani ndiko mama anakopofuka," nikamjibu. Sikujua kama naweza kumjibu mtu mzima hivyo. Mama mdogo alichukua koti lake akatoka.

Mzee Mkongomani ndiye aliyenifundisha kutuma pesa mwenyewe. Alinifundisha kwenye ngazi za nyumba ya kiongozi, taratibu, akinisubiri nisome kila neno. Tangu siku hiyo mshahara wangu ulikwenda kwa mama moja kwa moja, na kikundi kikaongezea. Operesheni ikafanyika, jicho la kulia. La kushoto daktari alisema lilikuwa limeshakufa, na kwamba lingeletwa mapema lingepona.

Mama mdogo ameufuta mchezo, au anasema ameufuta. Alimpigia mama akalia, akamweleza kila kitu. Juzi niliporudi kutoka kazini niliwasikia kwenye simu wanacheka, wanakumbushana mambo ya usichana wao. Jicho ni la mama, akitaka kusamehe ana haki. Mimi sijasamehe, na sitaki mtu aniharakishe.