Mfuko wa Mwenye Farasi

Mwenye farasi wa mtaani Komarock, yule anayepandisha watoto wa estate kila Jumapili, hajawahi kumaliza dozi ya dawa. Kikohozi kikipoa tu, antibiotiki zilizobaki huzitia mfukoni mwa shati, ziwe hazina ya mtaa. Ukipiga chafya karibu naye, vile vidole vyake vinene vimeshafika mfukoni kabla hujajifuta pua. "Meza hii," hunong'ona, kama anayekupa siri ya ukoo. Hikma, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, amezikataa mara nyingi huku akicheka. Hakucheka siku farasi alipokohoa. Jamaa alimchanganyia konzi nzima ya vidonge vya mfukoni ndani ya pumba, na kesho yake mnyama akawa anaharisha maji matupu, masikio yamelala, hata nyasi hataki. Daktari wa mifugo alimtundikia dripu, akasema, "Umeua vijidudu vizuri vinavyomsagia chakula tumboni. Farasi hufa hivi, mzee." Mwenye farasi alimpapasa mnyama shingo: "Na nilimpa zile kali."

Farasi alinusurika. Hikma akaliomba lile shati, eti kifungo kimelegea, akalirudisha limepigwa pasi. Jumapili farasi akapiga chafya. Mkono wa mwenyewe ukaruka kifuani, vidole vikapapasa, vikakwaruza; mdomo wa mfuko ulikuwa umeshonwa wote.

"Hikma!"

Hikma aliinamia cherehani yake. "Naam, mzee? Kifungo kimekaa vizuri?"