Shemeji Alijilaza Ndani ya Jeep Yangu Kupima Jeneza

Admin, jina langu lifiche, maana shemeji zangu wanafuata ukurasa huu na leo siwaonei haya.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na nane, ninauza vitenge sokoni hapa Bunia. Nimeolewa, nina watoto. Mwaka huu nilinunua jeep ndogo kwa jasho langu mwenyewe. Imeinuka vizuri, madimbwi ya mtaa wetu inayavuka bila shida, mafuta inakunywa kidogo. Asubuhi inapeleka watoto shuleni, halafu mizigo yangu sokoni. Tena kiti cha mbele hakiko juu sana wala chini sana, kwa hiyo baba mkwe, ambaye ni mgonjwa wa figo, anaingia bila kubebwa. Ni mimi ninayempeleka hospitali kila juma. Anafungua kioo, anasalimia watu njiani kama gavana.

Jumapili ndugu za mume wangu walikuja, eti kubariki gari. Kaka yake mkubwa hakuangalia injini wala matairi. Alikunja viti vya nyuma, akavua viatu, akajilaza humo chali, mikono kifuani. Miguu ikabaki nje.

"Munaona?" akasema akiwa amelala vilevile. "Na muzee iko murefu kunipita. Siku akikufa, tutamufikisha kwetu Djugu kumuzika namna gani? Kule juu ya paa, mu porte-bagages, sawa vile matelas ya kulalia?"

Baba mkwe mwenyewe alikuwa pale uani kwenye kiti, anakunywa chai! Nilichemka.

"Shemeki, toka mu gari yangu! Muzee iko hapa, anasikia. Weye ulimupelekaka hospitali hata siku moja?"

"Hospitali, hata pikipiki itamupeleka," akajibu. "Lakini maiti haipandake pikipiki."

Wakakata shauri hapohapo: jeep iuzwe, inunuliwe pick-up, maana gari la kwanza katika familia lazima lifae misibani, wasije wakaomba la jirani. Mimi mwenye gari hakuna aliyeniuliza. Nikamgeukia mume wangu, naye anakwangua matope kwenye tairi kwa kijiti, bwana mzima! Walipoondoka akaniambia, "Usinipiganishe na bandugu. Wakinikataa, mimi nitazikwa na nani? Kama hautaki, rudia kwenu."

Ameshawapa ufunguo wa pili. Mnunuzi anakuja Jumamosi.

Pick-up wanayoitaka nimeiona. Itakunywa faida yangu yote, na mlango wake uko juu, mzee hawezi kupanda. Jana nikimrudisha kutoka hospitali aliniuliza polepole, "Mutoto wangu, wakiuzisha hii, mimi nitakuwa naenda na nini?" Nililia huku ninaendesha.

Ninawachukia watu hawa, sifichi. Lakini ndoa yangu pia ninaitaka. Ninyi mnaonisoma, niambieni ukweli: niwaachie wauze gari linalombeba mzee akiwa hai, ili wapate la kumbeba akiwa amekufa?