Njiwa Waliohama kwa Ernestina

Ernestina wa Kizuka alizaliwa kambini Tanzania, akarudi Burundi akiwa mtu mzima, na kitu cha kwanza alichonunua hapa kilikuwa njiwa wawili. Si kuku, si sufuria. Alisema njiwa wa Nuhu alipoleta jani ndipo watu walijua maji yamepungua, na yeye alitaka kuwaona wake wakitua juu ya paa kila jioni, ajue kweli amefika. Wakazaana hadi ishirini.

Kwetu kila mtu anajua kwamba njiwa hawakai penye ugomvi wala uchawi. Basi Jumamosi mwanawe Lameki akamwoa Schékinah, binti wa Uvira, ng'ambo Kongo, na Jumanne njiwa wote wakahama. Nakiri, mimi jirani ndiye niliyeanza maneno. Ulimi wangu hauna breki. Nikamwambia, "Dada, dalili ya mvua ni mawingu. Huyo mkamwana amekuja na nini?"

Laiti ningenyamaza! Mtu aliyezaliwa ukimbizini huona kila ishara ni ya kuhamishwa tena. Ernestina aliacha kula. Lameki alikuwa ameshakwenda kazini Bujumbura, hana habari, na mama yake akamwamuru bibi harusi afunge mizigo arudi kwao.

Alhamisi sisi wamama wa maombi tulikuja kuiombea nyumba kabla hajaondoka. Schékinah alikalia begi lake mlangoni, macho makavu. Tukaomba kwa sauti kubwa. Katikati ya maombi akainuka, akachukua ngazi, akapanda kwenye kibanda cha njiwa.  Nilidhani anafuata dawa aliyoificha.

Akashuka na kinda mkononi, manyoya yamegandamana, siafu wamemjaa.

"Mama, angalieni. Ni mafuta. Imemushika mabawa, siafu zikafuata. Njo maana benzake walikimbia."

Yalikuwa mawese. Ernestina akakaa chini palepale. Siku moja kabla ya harusi alikipaka kibanda kizima mafuta yaliyoombewa na kundi letu, ili amani impokee bibi harusi. Chupa niliileta mimi.

"Ni mimi," akasema mbele yetu sote. "Nimefukuza njiwa wangu, kisha nikataka kumfukuza mtoto wangu. Unisamehe, mwanangu."

Niliona aibu, hata Amina haikutoka.  Schékinah aliomba maji ya vuguvugu na sabuni, akamwosha kinda, naye Ernestina akapanda kukisugua kibanda.

Begi likabaki mlangoni siku tatu. Ernestina hakuthubutu kuliingiza ndani, Schékinah hakulitoa nje. Tukipita tunalitazama, hakuna anayeuliza.

Jumapili asubuhi nilisikia mabawa juu ya paa lao, nikakimbia nikipiga kelele, "Dada, wamerudi! Njiwa wamerudi!"

Ernestina hakuinua hata macho. Alikuwa akitazama mlangoni, machozi yanamtoka. Begi halikuwapo. Schékinah alikuwa ndani, anatundika nguo zake ukutani.