Kurasa Kumi za Mwisho

Mwezi uliopita niliazima vitabu vitatu katika maktaba ya parokia yetu hapa Kasongo, na Jumapili baada ya misa nikasimama mbele ya wasomaji wenzangu kutoa maoni. Kitabu cha ufugaji wa nyuki nilikisifu, maana mume wangu ameshatundika mizinga miwili. Riwaya ya mapenzi niliiponda: msichana analia tangu mwanzo, hata kufua hafui.

Nilipofika kwenye riwaya ya upelelezi, maringo yakanijaa. "Huyu mwandishi iko na akili," nikasema. "Anaacha muuaji bila kumutaja, ili sisi wenyewe tufikiri!" Watu wakapiga makofi. Nikaongeza maneno makubwa ambayo hata mimi sikuyaelewa.

Ndipo Papa Alimasi, mtunza maktaba, akainua mkono wenye karatasi. "Mama Zawadi, kurasa kumi za mwisho zilichomoka. Iko hapa. Nilisahau kukupatia."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Masikio yangu yakawaka moto. Mwalimu mmoja akapaza sauti: "Basi tuambie, nani aliua?"

Sikuwa na pa kukimbilia. "Muuza dawa, yule jirani wa marehemu," nikajibu. "Mutu hawezi kuleta pole mara tatu kwenye nyumba ya jirani aliyekuwa hamupendi."

Papa Alimasi akavaa miwani, akasoma kimya hadi mwisho, kisha akanitazama kwa mshangao.

"Mama, ni yeye kweli!"

Nikaketi taratibu, kichwa juu, kama mtu aliyesoma kitabu chote.