Makala Yangu kwa Watu wa Kuku

Miaka ile ya ruksa, karibu kila mhadhiri pale Morogoro alikuwa na banda la kuku nyuma ya nyumba. Mshahara ulikuwa unaishia kwenye sukari na sabuni, serikali ilikuwa imeruhusu kila mtu kufanya biashara, na mayai yalikuwa na soko. Mimi sikufuga. Nilikuwa na miti yangu juu ya Bigwa, kwenye miteremko ya Uluguru, na nilikuwa nimejiapiza kwamba nitakuwa mhadhiri mwandamizi kwa sayansi, si kwa trei za mayai.

Miti yenyewe ilikuwa milusina, niliyoipanda kwa safu kukingama mteremko ili mvua isichukue udongo. Utafiti wa aina hiyo hauna haraka. Mwenzangu wa ofisini alikuwa mtaalamu wa lishe ya kuku. Kuku wake walikua kwa wiki chache, wakapimwa, wakaliwa, na makala ikaenda jaridani. Mimi nilisubiri masika baada ya masika. Yeye akapanda cheo, nami nikampongeza huku roho inaniuma.

Zamu yangu ilipofika, kamati ya vyeo ilitaka kujua jambo moja: nani anazitumia makala zangu? Swali halikuwa la cheo tu. Chuo kilikuwa kinabana matumizi, na shamba la majaribio la mtu asiyesomwa lingefungwa. Maktaba yetu ilikuwa imeacha zamani kupokea vile vitabu vinene vya kuonyesha nani kamnukuu nani, kwa kukosa fedha za kigeni. Nikamwomba rafiki yangu aliyekuwa masomoni Ulaya anitafutie.

Majibu yalinitoa jasho. Katika majarida ya udongo nilikuwa nimenukuliwa na mtu mmoja tu, na mtu huyo nilikuwa mimi mwenyewe. Lakini watu wa kuku walikuwa wamenitaja tele, kuanzia India hadi Nigeria. Udongo wangu haukuwahusu. Mwishoni mwa makala moja nilikuwa nimeweka jedwali dogo la uzito wa majani, basi tu lisipotee. Kumbe majani ya mlusina yakikaushwa na kuchanganywa kidogo kwenye chakula cha kuku wa mayai, kiini kinakuwa cha njano kama cha kuku wa kienyeji. Wa kwanza kunitaja alikuwa mwenzangu wa ofisini.

“Mbona hukuniambia?” nikamuuliza, sauti juu.

“Nakala nilikupa, dada. Ukaweka kikombe cha chai juu yake.”

Nikaipekua meza yangu; ilikuwepo, na duara la chai juu yake.

Kwenye kikao mwenyekiti alisoma karatasi zangu, akavua miwani. “Hawa wote ni watu wa kuku. Kwenye fani yako hatuoni kitu.” Wakaahirisha uamuzi kwa mwaka mmoja. Nilitoka nimefura kwa hasira, nikaamua kulifunga lile shamba mwenyewe kabla hawajanifungia.

Nikapanda Bigwa kwenda kuliaga. Nilipofika nikasimama nikashangaa. Kwa kukosa gari la chuo nilikuwa sijafika huko miaka kadhaa, na sasa safu za milusina hazikuishia kwenye mpaka wangu. Ziliendelea mashambani mwa watu, kulekule nilikohubiri kwa miaka na kuambiwa, “Tutaona, mwalimu.” Mama mmoja mtu mzima alikuwa anakata matawi.

“Shikamoo, mama. Hii mmepanda lini?”

“Marahaba. Toka wenye kuku wa mjini walipoanza kununua majani. Gunia likishuka Msamvu, kule mjini, halirudi, linanunuliwa papo hapo.” Akaniangalia kwa huruma. “Wewe kila siku udongo, udongo. Mbona hukutuambia kuku wanakula?”

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikaona nilipokaa. Upande wa juu wa kila safu udongo ulikuwa umejikusanya, mweusi, wenye kina, na mahindi yalikuwa yamesimama vizuri pale ambapo zamani palikuwa na mawe matupu. Nikarudi mjini kumwita yule mwenzangu wa kuku aje tupime pamoja, yeye majani, mimi udongo.

Makala ya vipimo hivyo tuliiandika wawili, na cheo nilikipata. Hata wenzangu wa udongo wakaanza kuninukuu, mmoja mmoja, na sitadanganya, nilifurahi sana. Lakini sijafurahi tena kama siku ile nilipokaa kwenye shamba la mtu mwingine, juu ya udongo ambao mvua ilikuwa imeshindwa kuuchukua.