Nilivyomuuguza Mwairishi wa Mesquite

Mwaka nilioanza kazi Houston ni ule mwaka sisi wa mtaa wa Gulfton tuliosonga ugali kwa unga wa Wameksiko. Unga wetu hatukujua unauzwa wapi, na huo wao una chokaa. Ugali ukiiva unanuka kama ukuta uliopakwa jana. Bucha ya halali ilikuwa mbali, basi ni samaki na maharage, maharage na samaki. Mtu akikwambia alifika Texas akakuta mchele wa pishori madukani, huyo ni wa juzi.

Siku ya kwanza, kwenye nyumba ya wazee, msimamizi wa wauguzi, mama wa Kinigeria mwenye sauti ya tarumbeta, aliniuliza nimesoma mpaka wapi.

"Darasa la nne, Mombasa."

"Na mikono?"

"Imemuuguza mama mkwe mpaka kaburini."

"Vaa glavu."

Huyo ndiye aliyenifunza. Mgonjwa wa kitandani humgeuza ubavu mara kwa mara, la sivyo ngozi inaoza, hivyo ndivyo vidonda vya kulala. Kumsogeza, unatumia shuka ndogo iliyotandikwa chini ya kiuno chake, mnaishika wawili huku na huku. Ukimburuta kama gunia, utamchuna. Na kabla hujamgusa, mwambie unataka kufanya nini, hata kama hasikii.

Baadaye mwanangu alipata kazi ya ghala Mesquite, karibu na Dallas, nikamfuata. Huko wakala wa kuuguza watu majumbani wakanipeleka kwa Mzee Colm, Mwairishi wa kaskazini, mjane, miguu imekwisha lakini ulimi mzima. Niliingia na mtandio wangu mpya. Akanitolea macho.

"Vua hicho ndipo uniguse!"

Nikasema moyoni, haya, yameanza. "Mzee, mimi Mwislamu. Mtandio sivui. Ukitaka, kaa na uchafu wako."

Akacheka mpaka akakohoa. "Uislamu wako sina neno nao, mama. Ni rangi hiyo!"

Mtandio ulikuwa wa rangi ya chungwa. Kwao, akanieleza, hiyo ni ya Waprotestanti wanaotaka kubaki chini ya Malkia wa Uingereza. Huivaa wakaandamana na ngoma kubwa kupita mitaa ya Wakatoliki. Yeye Mkatoliki, na Wakatoliki wenzake walitaka Ireland iwe moja. Wameuana kwa hilo miaka na miaka.

"Lakini nyote weupe," nikamwambia. "Mnajuanaje?"

"Kwa jina. Kwa shule. Kwa mtaa. Nyinyi je?"

"Sisi jina tu linatosha. Mambo ya shule hatuna haja."

Kesho yake nilivaa mtandio wa kijani, rangi ya Wakatoliki wa kwao. Akasema sasa mimi Mwairishi kuliko yeye.

Basi tukazoeana. Chai yake nyeusi kama lami, maziwa kidogo. Yangu ya tangawizi aliita dawa ya farasi. Kenya tulipopigia kura katiba, upande mmoja chungwa, mwingine ndizi, niliingia nikimwambia, "Mzee, kwetu chungwa limeshinda." Alijifunika shuka mpaka kichwani.

Siasa ya kwao nilivyoielewa mimi ni hii: wakubwa walitia saini amani wakapeana mikono, lakini nyumbani watu walibaki na yao. Mzee Colm alikuwa na dada, Nora, yuko Mansfield, mwendo wa gari tu, na hawakuwa wakisemezana. Nora aliolewa na polisi wa Kiprotestanti. Usiku mmoja huko kwao polisi walivamia nyumba ya akina mke wa Mzee, wakamchukua shemeji yake, kaka wa mkewe, wakamrudisha hawezi kutembea. Mume wa Nora hakuwamo, lakini sare ilikuwa hiyo hiyo.

Baada ya uchaguzi wetu wa 2007, Kenya inawaka moto na Wakenya wa Dallas wanapishana dukani bila salamu, Mzee akaanza kuzima. Alikuwa ametazama picha za makwetu kwenye televisheni siku nzima. Kisha akaniambia, maana jina langu Mwanakombo alilikata, "Kombo, niitie Nora."

Nikampigia. Akaja na mkate aliouoka mwenyewe, umefungwa kwa kitambaa. Binti wa Mzee, Sheila, ambaye ndiye aliyewaomba wakala wanilete mle, akasimama katikati ya sebule.

"Mwanakombo, funga mlango. Mjomba wangu alikufa kwenye kiti cha magurudumu."

"Binti yangu, baba yako amemwita."

"Baba hajui asemalo. Funga!"

Kwetu mgonjwa hujuliwa hali hata na hasimu wake. Ugomvi unauacha nje pamoja na viatu. Nikamwambia, "Mlango wa mgonjwa siufungi."

Nora akapita. Mzee akamtazama juu hadi chini. "Umenenepa," akasema.

"Na wewe umekuwa ufito," Nora akajibu, akakaa kitandani, akaanza kumkatia mkate vipande vidogo vidogo. Sheila alikuwa jikoni analia. Nilimpelekea chai, hakuinywa. Mpaka leo hajanisamehe, na simlaumu: mjomba alikuwa wake, si wangu.

Mzee alikufa wiki hiyo hiyo, mkono wake umo mkononi mwa dada yake.

Sasa nimestaafu, magoti yamekataa. Wajukuu zangu wawili wameingia kazi hii hii, nami nawaambia: kugeuza na kuosha mtafunzwa na yeyote. Lakini familia itawapa amri, na amri nyingine inatoka kwenye jeraha, si kwenye akili. Liheshimuni jeraha. Amri ipimeni.

Wao hupenda kuniuliza kwa nini sikurudi kwa wakala. Ukweli, nilitakiwa. Msimamizi wa wakala, kijana mwenye tai, aliniita ofisini baada ya mazishi, Sheila ameshanishtaki.

"Mama, mteja ndiye bosi. Sema tu ulikosea, nikupe mzee mwingine. Kazi ipo. Akikwambia funga, utafunga?"

Nilihitaji ile kazi, Mungu anajua. Nikavua kitambulisho shingoni, nikakiweka mezani kwake.

"Mlango wa mgonjwa siufungi."